Kuugua na Kuuguza

Katika lugha ya Kiswahili maneno kuugua na kuuguza ni ndugu wa tumbo moja. Anayeugua ni mgonjwa. Anayeuguza ni yule aliye na mgonjwa nyumbani, amlishaye, amwoshaye na kukesha kando ya kitanda chake. Na mtu wa hospitali tumwitaye mwuguzi, jina lake limetoka katika shina lilo hilo. Nadhani wazee waliotuachia lugha hii waliona jambo ambalo sisi hulisahau, ya kuwa mgonjwa, jamaa yake na mwuguzi wa hospitali ni watu watatu wa kazi moja. Insha hii ni habari ya watu watatu hao walivyotengana, ya madhara yaliyotokea, na ya jinsi walivyorudi kuketi pamoja. Sikusimuliwa habari hii. Nilikuwapo, na mkono wangu ulikuwamo.

Nilizaliwa karibu na soko la Ikonge, katika nchi ya Wagusii, ambayo leo ni kaunti ya Nyamira. Ni nchi ya vilima na mvua nyingi. Chai, migomba na mahindi hushindana kupata nafasi katika mashamba yaliyo madogo, na nyumba zimekaribiana hata mtu akikohoa usiku jirani hujua ni nani aliyekohoa. Mahali kama pale ugonjwa hauna siri. Baba yangu alikuwa kibarua katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, akirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mama yangu alilima, akachuma chai yetu kidogo, akatulea. Hakupata kuingia darasani hata siku moja. Tulikuwa watoto watano. Kaka yangu alikuwa wa kwanza, na mimi wa nne.

Kwa wasomaji wasiojua Ekegusii, sina budi kueleza neno moja hapa, kwa kuwa sehemu kubwa ya habari hii imesimama juu yake. Katika lugha yetu baba mzazi huitwa tata. Na mama mzazi huitwa baba. Mgeni akimsikia mtoto wa Kigusii akilia, “Baba! Baba!” hudhani anamlilia baba yake, kumbe anamlilia mama yake. Ni kichekesho kidogo, na watoto wa shule hupenda kuwategea kwacho walimu waliotoka mbali. Kwetu sisi kichekesho hicho kilileta kilio.

Mwaka 1990 kaka yangu alikuwa na umri wa miaka 20. Alikuwa amemaliza shule ya sekondari, akingoja nafasi katika chuo cha ualimu. Alikuwa mpole, mpenda vitabu, mwenye mwandiko mzuri kupita wote nyumbani. Majirani wengi waliletwa kwake na barua za kuandika na kusomewa. Ugonjwa ulimpanda polepole kama maji ya mto wakati wa masika. Kwanza aliacha kulala. Kisha aliacha kula chakula kilichopikwa na mkono wa mtu mwingine. Kisha alianza kujibu maneno ambayo sisi hatukuyasikia. Siku moja alivichukua vitabu vyake vyote, akavifukia kati ya migomba, akisema kuwa vilikuwa vikimsema. Mimi nilikuwa na miaka 13. Usiku nilivifukua, nikavifuta udongo, nikavificha.

Majirani walitupa sababu nyingi kuliko chakula. Mmoja alisema uchawi, wa pili alisema laana ya babu, wa tatu alisema bangi, wa nne alisema masomo yamemzidi. Mama aliwasikiliza wote. Mbuzi mmoja alikwenda kwa mganga, na siku tatu za kufunga zilikwenda kwa watu wa maombi. Siwezi kumcheka. Aliyepotea msituni hujaribu kila njia. Lakini nawaomba vijana wasomao insha hii walichukulie neno uchawi kwa hadhari, maana bado laua. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti jirani ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na watu waliowashutumu kuwa ni wachawi. Mahali ambapo ugonjwa haujulikani kwa jina lake, hutafutwa mtu wa kubebeshwa.

Mwisho baba alirudi kutoka Kericho, wakampeleka kaka katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa nitakalolisimulia lingaliweza kutokea katika hospitali yoyote. Alikaa huko wiki sita, akarudi na dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa sindano ya kila mwezi, ya kupunguza sauti alizozisikia. Ya pili ilikuwa vidonge vidogo vyeupe vya kila siku, viitwavyo benzheksoli. Kazi ya vidonge hivi si kuponya akili. Ni kumlinda mgonjwa na madhara ya sindano. Dawa za namna ile ya zamani huwasaidia watu wengi, walakini kwa baadhi yao huweza kukaza shingo na taya, na kuyageuza macho yakatazama juu. Huweza pia kumtia mgonjwa haja ya kutembea isiyomruhusu kukaa wala kulala. Sindano peke yake huweza kuituliza akili huku ikiutesa mwili.

Siku ya kutoka, mwuguzi alimwuliza kaka, “Nyumbani ni nani atakayekupa dawa?”

Kaka akajibu, “Baba.”

Mwuguzi aliandika katika karatasi zake: Baba. Kisha alimwita baba yetu kando, akamweleza habari za vidonge vyeupe kwa uangalifu mwingi, akampa karatasi. Baba aliikunja karatasi akaitia katika mfuko wa koti. Kesho yake alfajiri aliondoka kwenda Kericho, na koti lake likaenda naye. Kabla ya kuondoka alimwambia mama kwamba vidonge vile mgonjwa apewe, ila hakumweleza sababu yake. Mama, ambaye ufunguo wa sanduku la dawa ulikuwa shingoni mwake, hakuelezwa na mtu mwingine yeyote.

Mama alifanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Alinunua daftari, akaniita, akaniambia kuwa kila jioni baada ya chakula nitaandika yale atakayoyasema. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, “Ninayoyaona leo, kesho nitayachanganya na ya jana. Wewe andika.” Basi niliandika. Daftari lile ninalo hata leo, na mwandiko wangu wa kitoto ndani yake hunitia haya, lakini maneno ya mama yangu hayanitii haya kabisa. “Leo amelala tangu saa nne hata saa tisa. Amekula obokima na mboga. Amecheka mara moja, sababu ilikuwapo.” Na siku nyingine: “Amecheka mara tatu, sababu haikuwapo.” Na siku nyingine: “Amesema na asiyeonekana, kwa sauti ya chini kuliko juzi.” Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amegundua, bila ya kitabu, kwamba haitoshi kujua mgonjwa amecheka, yapasa kujua kama kulikuwa na la kuchekesha.

Baba naye alikuwa na namna yake ya kuuguza, na hospitali haikuielewa. Wagusii wana kanuni za heshima ziitwazo chinsoni, zinazotenga kizazi cha mzazi na kizazi cha mwana aliyekua. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na hawaonani uchi. Wakati kaka alipokuwa amelazwa, mtu mmoja wa wodi alimwamuru baba amwogeshe mwanawe mbele ya watu. Baba alisimama kimya, mikono nyuma. Ilisemwa kuwa hampendi mwanawe. Lakini nyumbani, kila alipokuja mwisho wa mwezi, baba alipasha maji moto, akangoja usiku uingie, akazima taa, akamwogesha mwanawe katika giza. Nililala chumba cha pili nikisikia maji yakimwagika, na sauti ya baba ikisema polepole, “Geuka. Inua mkono.” Giza lile lilikuwa heshima yake na mapenzi yake kwa pamoja. Laiti aliyemlaumu angalimwuliza neno moja, angaliambiwa.

Vidonge vyeupe viliisha mwezi wa tatu, na zahanati haikuwa navyo. Mama alifikiri ya kuwa dawa ni sindano, na vile vidogo ni nyongeza tu, kama chumvi katika mboga. Akaacha kuvitafuta. Tangu hapo daftari linabadilika. “Siku ya pili baada ya sindano. Shingo imekaza upande wa kushoto. Siku ya tatu. Anatembea, hakai. Siku ya nne. Amesimama akila.” Mwezi uliofuata alilifunga daftari katika leso, akaenda nalo hospitali pamoja na kaka.

Siku hiyo foleni ilianzia mlangoni ikaishia chini ya miti ya nje. Daktari alimwona kijana asiyetulia, uso umepindika, akitembea kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Aliona kwamba ugonjwa unazidi. Akaandika sindano iongezwe maradufu. Mama alifungua kinywa, “Daktari, mimi nina—”

“Mama, ngoja nje.”

Mama alingoja nje, daftari likiwa katika leso. Daktari yule hakuwa mtu mbaya, na baadaye mtaona. Alikuwa na wagonjwa wengi na saa chache, na aliyatumia macho yake kama alivyofundishwa. Lakini macho yake yalikuwa na dakika tano, na ya mama yalikuwa na miezi minne.

Siku ya pili baada ya sindano ile, kaka alitembea usiku kucha kuizunguka nyumba. Siku ya tatu alishika njia kuu, na lori lilimkosa kidogo. Jioni ile ami yetu alikuja na majirani watatu, wakaleta kamba. Walimfunga kwenye nguzo ya zizi. Walihitaji mtu wa kushika ncha moja ya kamba wakati wakikaza fundo, nami nikaishika. Sitasema kuwa nililazimishwa. Nilikuwa na hofu, na nilifurahi kwamba kuna kamba.

Alikaa katika kamba ile siku nane. Shingo yake iligeuka ikabaki imegeuka, na macho yakapanda juu hata weusi wake haukuonekana vizuri. Watu waliokuja kutazama walisema ni pepo. Usiku wa kwanza mama aliniita na daftari kama kawaida. Alisema, “Andika: Leo tumemfunga. Mikono imeanza kuvimba.” Nilimwambia kwamba sitaki kuandika hayo. Akanijibu, “Andika. Daftari lisiloandika ubaya wetu litatudanganya.”

Siku ya tisa tulimtia katika mkokoteni hata barabarani, tukapanda gari mpaka hospitali ileile. Baba alikuwa Kericho. Mlangoni alikuwapo mwuguzi mmoja mwanamke, mtu mzima, ambaye hatukupata kumwona hapo awali. Alimtazama kaka, akatazama alama za kamba, kisha akamgeukia mama. Hakumkaripia. Alivuta benchi, akasema, “Mama, karibu ukae. Nieleze wewe uliyekuwa naye.”

Mama hakueleza kitu. Alifungua leso, akampa daftari.

Mwuguzi alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Alichukua kalamu, akapiga mstari chini ya kila tarehe ya sindano, na mistari ile ilipokwisha kupigwa, jambo lililofichika miezi mingi lilionekana kama njia katika umande. Kila baada ya sindano, shingo na miguu. Kabla ya mwezi wa tatu, hapana. Akauliza, “Vile vidonge vyeupe viko wapi?”

“Viliisha,” mama akasema.

“Hukuambiwa kazi yake?”

“Nani aniambie?”

Mwuguzi alifunua karatasi za hospitali. “Hapa pameandikwa kuwa dawa hupewa na baba, na baba alielezwa. Baba yuko wapi?”

Kaka yangu, ambaye taya lake lilikuwa limekaza na maneno yakimtoka kwa shida, aliinua mkono uliovimba, akamwonyesha mama. “Baba ni huyu,” alisema.

Mimi nilicheka, kwa kuwa nilikuwa mtoto. Kisha niliona kwamba hakuna mwingine aliyecheka, nikanyamaza.

Mwuguzi alimwita daktari, naye alikuwa yuleyule. Alikuja akalisoma daftari hali amesimama. Kisha alikaa, akalisoma tena toka mwanzo. Aliamuru kaka apewe dawa ya kulegeza maungo, na kabla ya saa moja kupita shingo ilirudi mahali pake, na macho yakashuka yakatuona. Sindano ilipunguzwa, vidonge vikarudishwa, na safari hii mama ndiye aliyeelezwa, kwa lugha aliyoielewa. Daktari alimwambia mbele yetu, “Mama, nisamehe. Mimi niliona siku moja, wewe umeona siku zote.” Nimeishi na watu wengi wakubwa tangu siku ile. Wachache nimewasikia wakiomba msamaha kwa mtu aliyewangoja nje.

Kutokana na mkasa huu nilijifunza kwamba elimu ya daktari ni pana, na elimu ya mwenye kuuguza ni ndefu. Daktari amewaona wagonjwa elfu, kila mmoja kwa muda mfupi. Mwenye kuuguza amemwona mmoja, mchana na usiku, kwa miaka. Atakaye kutibu akili ya mtu bila ya kumwuliza aliyelala naye chumba kimoja ni kama apimaye shamba kwa kusimama mahali pamoja. Na atakaye kuuguza bila ya daktari, kwa mapenzi matupu, mwisho wake huenda ukawa kamba. Sisi tulimpenda kaka, na tulimfunga.

Fikira hii haikuanza Ikonge. Katika mwaka 1954, daktari Mnaijeria Thomas Adeoye Lambo alianza kazi yake mashuhuri huko Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Badala ya kuwakusanya wagonjwa wote wa akili nyuma ya kuta, aliwaweka wengi wao katika nyumba za wanakijiji waliokaa karibu na hospitali, na kila mgonjwa alitakiwa kuja na jamaa yake wa kumtunza. Mchana walitibiwa, jioni walirudi kijijini wakaishi kama watu. Jamaa hawakungoja nje. Walikuwa sehemu ya dawa. Lambo alifika hata kuwa naibu wa mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, na kijiji chake kilisomwa na matabibu wa nchi nyingi.

Katika Kenya mambo yalianza kwa njia nyingine. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 katika siku za ukoloni kama nyumba ya kuwaweka wenye wazimu, na jina la Mathari ilipewa mwaka 1924. Kwa miongo mingi matibabu ya akili yalikusanyika huko, mbali na vijiji, na jamaa wa mgonjwa alikuwa mgeni wa langoni. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilimpa mgonjwa njia ya kuingia hospitali kwa hiari yake mwenyewe. Mwaka 2019 serikali iliunda kamati maalumu, mwenyekiti wake akiwa daktari Frank Njenga, isikilize maoni ya wananchi juu ya afya ya akili, na taarifa yake ilitolewa mwaka 2020. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, ikatamka kuwa mgonjwa ana haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Ni maneno machache katika karatasi, lakini mama yangu angaliyapata mwaka 1990, asingalingoja nje.

Tazama, msomaji, kwamba sheria ile yamtaja kwanza mgonjwa mwenyewe. Jambo hili nami nilichelewa kulijua, na aliyenifundisha ni kaka yangu.

Miaka mingi baada ya habari ya kamba, nikiwa tayari ni mwalimu, wahudumu wa afya waliziita baraza jamaa zenye wagonjwa wa akili katika sehemu zetu. Walitaka kujua kutoka kwetu namna kliniki ya kila mwezi itakavyopangwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kuulizwa. Mama mmoja alisema kliniki isiwe siku ya soko, kwa kuwa watu huja kuwatazama wagonjwa kama ng'ombe wa mnada. Mzee mmoja alisema maelezo ya dawa yatolewe kwa yule ashikaye ufunguo, awe nani. Mengi kati ya hayo yalikubaliwa siku ileile. Kisha watu walinitaka nami niseme. Nilisema kwa urefu. Nilieleza juu ya daftari, juu ya vidonge vyeupe, juu ya neno baba. Watu walipiga makofi, nami nikaketi nikijiona nimefanya kazi njema.

Kaka yangu akasimama. Hakuwa katika orodha ya wasemaji. Alisema, “Ndugu yangu amesema vema, ila amesahau kamba.”

Baraza lilinyamaza.

“Siku ile nilipokuwa nikitembea,” akaendelea, “sikuwa nikitoroka. Miguu yangu ilikuwa kama iliyotiwa moto kwa ndani, nami nilikuwa natafuta mahali pa kuiweka. Kila mahali nilipoiweka, palikuwa pabaya. Nyumbani waliandika nimelala saa ngapi na nimekula nini. Waliandika vizuri, nami nawashukuru, maana daftari liliniokoa. Lakini hakuna aliyeniuliza. Kama wangeniuliza, ningewaambia habari za miguu siku ya kwanza, na kamba isingehitajiwa.” Akaketi.

Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa nimeutumia msemo huo mara nyingi dhidi ya madaktari, nikidhani kwamba mimi ndimi niliyelala katika kitanda kile. Sikulala humo. Nililala sakafuni kando yake. Kutoka sakafuni huonekana mengi ambayo daktari aliyesimama mlangoni hayaoni. Lakini kunguni walikuwa wakimuuma kaka yangu, wala si mimi. Mama alimpa daktari macho yake, na ilikuwa haki. Hakuna aliyempa kaka kinywa chake.

Siku ile jioni nilimwendea nyumbani kwake, nikamwomba radhi kwa ncha ile ya kamba. Alikuwa akipanga majani ya chai katika kikapu. Alisema, “Ulikuwa mtoto.” Kisha, baada ya kitambo, alisema, “Lakini ulikaza.” Yote mawili ni kweli, nami sijaomba kuondolewa lolote.

Vijana mnaosoma, huenda katika nyumba zenu yuko mtu anayeugua kwa namna hii, au yuko jirani. Msimwone haya, wala msimwogope kabla ya kumwuliza. Mkiwa nyumbani, andikeni mnayoyaona, mema na mabaya, hata yale ya aibu yenu. Mkifika hospitali, semeni. Mkiambiwa mngoje nje, ngojeni, kisha mwingie tena na daftari. Na wale kati yenu watakaokuwa madaktari na wauguzi, vuteni benchi. Lakini kabla ya daktari, na kabla ya jamaa, mwulizeni mwenyewe: unasikia nini, unaumwa wapi, unataka nini. Hata aliye katika giza la akili aghalabu hujua mahali pamuumapo.

Mama yetu alifariki akiwa mzee. Alipoona mwisho wake umekaribia, alimwita kaka, akavua ufunguo wa sanduku la dawa shingoni mwake, akampa yeye pamoja na daftari jipya. Kaka yangu sasa amepita miaka 50. Hakupona kama mtu aponavyo homa. Bado hupata sindano yake, ingawa ya namna nyingine, na ipo miezi ambayo sauti humrudia. Anachuma chai, anaandika barua za majirani wasiojua kuandika, na kila jioni huandika katika daftari kwa mwandiko ule mzuri. Mara moja alinipa nisome ukurasa wa kwanza. Ulisema hivi: “Leo nimelala vizuri. Miguu imetulia. Nimecheka mara mbili, sababu ilikuwapo.”